Kufupisha Pete ya Chuma ya Gurudumu kwa Jiliwa

Wakati wa kiangazi mkokoteni wenye magurudumu ya mbao huanza kulia. Mwanzoni husikika mlio mdogo wa mbao kusuguana na mbao. Baadaye husikika mgongano wa chuma. Na mwisho pete ya chuma iliyozungushiwa gurudumu huchomoka na kubingirika peke yake kando ya njia. Yakitokea hayo mkokoteni ukiwa na shehena, vipande vya duara la mbao huachana, spoki huchomoka katika kitovu, na safari huishia hapo.

Walioyajua mambo haya kwa uchungu ni wahamiaji wa Marekani ambao, kuanzia miaka ya 1840, walitoka Independence, katika jimbo la Missouri, kwenda Oregon kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa kilometa 3,200 hivi, na sehemu yake kubwa ilipita katika nyanda kavu. Magurudumu yaliyoundwa katika nchi yenye unyevu yalilegea yalipofika ukavuni. Wahamiaji walipigilia kabari za mti kati ya pete na mbao, au waliyalaza magurudumu mtoni usiku kucha ili mbao zivimbe. Dawa zote mbili zilifaa kwa siku chache tu. Dawa ya kudumu ilikuwa moja, nayo ni kuifupisha pete yenyewe. Kazi hiyo ilimtaka mhunzi, na mhunzi hakupatikana kwa urahisi njiani.

Jinsi mhunzi anavyokifupisha chuma ambacho hakina mwanzo wala mwisho, bila ya kukikata, ni swali la fizikia kama lilivyo swali la ufundi.

Mwenendo wa mbao

Gurudumu la namna hii lina sehemu nne. Katikati kuna kitovu, gogo fupi lililotobolewa kupitisha mhimili. Kutoka kitovuni zimechomoza spoki za mbao. Vichwa vya spoki vimeingizwa katika vipande vilivyopindika ambavyo vikiunganishwa hufanya duara. Vipande hivyo vitaitwa hapa matao. Nje ya matao ndipo ilipo pete ya chuma, ambayo kazi yake si kuilinda mbao na mawe tu. Pete ndiyo kamba inayolifunga gurudumu zima. Matao hayakugundishwa kwa gundi wala kukazwa kwa parafujo; yanakaa pamoja kwa sababu pete inayabana kuelekea katikati.

Mbao hupungua inapokauka, lakini haipungui sawasawa pande zote. Kwa kufuata urefu wa nyuzi zake, mbao ya kawaida hupungua kwa sehemu ndogo mno, kiasi cha 0.1 hadi 0.3 kwa mia, tangu ilipokuwa mbichi hadi ikauke kabisa. Kukingama na nyuzi, kwa kufuata mwendo wa duara za umri wa mti, hupungua kwa 6 hadi 10 kwa mia. Kwa hiyo spoki haifupiki sana. Kinachopungua ni unene wa matao na unene wa kitovu, na mapungufu hayo mawili yakijumlishwa huiacha pete ikining'inia.

Wakati huo huo pete nayo hurefuka. Kila gurudumu linapopita juu ya jiwe, chuma hubanwa kati ya jiwe na mbao kama kilivyo kati ya nyundo na fuawe. Pigo moja si kitu, lakini mapigo ya maelfu ya kilometa huikonda pete, na chuma kikikonda hakina budi kurefuka.

Inafaa kukaa kidogo juu ya dawa ya maji, maana ndani yake umo ufunguo wa habari nzima. Mbao kavu ikiloweshwa huvimba. Kama iko huru, ikikauka itarudi ilivyokuwa. Mbao ya gurudumu haiko huru. Imefungwa na pete. Inapotaka kuvimba inazuiwa, na kwa kuwa mbao yenye maji ni laini kuliko kavu, nyuzi zake hupondeka badala ya kuisukuma pete. Jua likiwaka, mbao hiyo hupungua kutoka kipimo ilichozuiliwa, wala si kutoka kipimo ilichotaka kufikia. Matokeo yake ni kwamba inakuwa ndogo kuliko ilivyokuwa kabla ya kuloweshwa. Mwenye gari aliyelilaza gurudumu lake mtoni mara kumi alikuwa akiliharibu mara kumi, ingawa kila asubuhi aliliona limekaza.

Kitu laini kinachozuiwa kutanuka hufupika. Kanuni hiyo iliyomwangusha mwenye gari ndiyo anayoitumia mhunzi kwa makusudi.

Kukata au kushindilia

Njia ya zamani ya kuifupisha pete ilikuwa kuikata, kuondoa kipande kidogo, kisha kuziunga ncha kwa moto. Kuunga kwa moto si kazi ya mwanafunzi. Chuma hutakiwa kifike karibu na kuyeyuka bila ya kuungua, ncha ziwe safi, na pigo la nyundo lije katika muda wa sekunde chache. Kiungo kibaya huonekana kizuri karakanani na kukatikia njiani. Tena ncha zenyewe hupoteza chuma kwa moto, hivyo mhunzi hukisia ni kiasi gani kitapotea, na kisio lake likikosea humlazimu kuanza upya.

Njia ya pili ni kushindilia. Sehemu fupi ya pete, tuseme sentimita 10, hutiwa moto mpaka iwe na rangi ya chungwa, yaani digrii za Sentigredi 1,000 hivi. Kisha pande zake mbili zilizo baridi husukumwa zikaribiane. Chuma kilicho katikati, kwa kuwa ni laini, hujiingia chenyewe: hupungua urefu na kuongezeka unene. Hakuna kinachokatwa wala kinachoungwa. Ujazo ni ule ule. Ikiwa pete ina unene wa milimita 6, na sentimita 10 zikasongwa ziwe 9 bila upana kubadilika, unene utakuwa milimita 6.7 hivi. Macho hayaoni tofauti kubwa, lakini mzingo umepungua milimita 10, na milimita 10 ni nyingi katika gurudumu.

Tatizo ni namna ya kusukuma. Utepe mwembamba wa chuma ukisukumwa kutoka ncha mbili haukubali kujiingia. Hupinda juu kama ukindu. Jambo hili hutokea kwa kila kitu chembamba kinachosukumwa kwa urefu wake, na kadiri sehemu isiyoshikwa inavyokuwa ndefu ndivyo inavyopinda kwa urahisi. Wahunzi wa kale waliitumia hali hiyo hiyo: waliinua kibyongo kidogo katika sehemu yenye moto, msaidizi mmoja au wawili wakashika pande kwa koleo, kisha kibyongo kikapigwa nyundo kishuke. Nusu ya kazi ilipotea kwa kuwa pete ilitorokea pembeni.

Kwa sababu hiyo Ofisi ya Hataza ya Marekani ilipokea katika karne ya 19 maombi mengi ya vifaa vya kufupishia pete. Vingine vilikuwa mashine zenye miguu yake na wenzo mrefu, ambazo ziliuzwa hata kwa njia ya posta. Mashine hizo zilifanya kazi njema, ila zilikuwa na bei, na zilikalia nafasi ya karakana mwaka mzima kwa kazi ya msimu mmoja. Wavumbuzi wengine wakaona kwamba kila mhunzi tayari anayo mashine ya kusogeza vitu viwili vikaribiane kwa nguvu kubwa. Mashine hiyo ni jiliwa.

Kifaa cha kupachika

Kifaa kinachopachikwa juu ya jiliwa kina vibano viwili, kimoja kwa kila taya, navyo huondolewa kazi ikiisha. Namna mojawapo iliyo rahisi kueleweka ni hii. Kila kibano kina kitako kinachokaa juu ya taya na ulimi unaoshuka kando yake ili kisiteleze. Juu ya kitako hulala pete, na juu ya pete hukaa kipande cha mviringo chenye meno, ambacho mhimili wake haukuwekwa katikati. Mhunzi hukizungusha kipande hicho kwa mkono mpaka meno yaguse chuma. Kuanzia hapo, pete ikijaribu kuteleza kurudi nyuma, kipande huzunguka nayo na kuibana zaidi. Pete inajifunga yenyewe kwa nguvu ya kutaka kutoroka. Ni werevu wa kupendeza, na mwalimu anayefundisha msuguano atapata humo mfano bora kuliko ule wa sanduku juu ya ubao ulioinama.

Pete husimama wima juu ya jiliwa, msaidizi akiishika kwa juu, na sehemu yake ya chini yenye moto ikilala kati ya vibano. Mhunzi hukaza. Kwa kuwa vibano viko karibu, utepe usioshikwa ni mfupi, na nafasi ya kupinda ni ndogo; kibyongo kikijitokeza, nyundo hukituliza papo hapo huku mkono mwingine ukiendelea kukaza.

Je, jiliwa lina nguvu ya kutosha? Hesabu inawezekana darasani. Chukua jiliwa lenye mpini wa sentimita 30, ambalo parafujo yake husogea milimita 6 kwa mzunguko mmoja. Katika mzunguko huo mkono husafiri milimita 1,885, na taya milimita 6. Uwiano ni 314. Msuguano wa parafujo hula sehemu kubwa, na si vibaya kukadiria kwamba hula robo tatu. Mhunzi akisukuma kwa nguvu ya niutoni 250, parafujo itatoa karibu niutoni 20,000, ambazo sehemu yake hupotea kwa kuwa mataya yako juu kuliko parafujo. Sasa itazamwe pete yenye upana wa milimita 40 na unene wa milimita 6. Eneo la mkato wake ni milimita mraba 240. Chuma chenye rangi ya chungwa hukubali kusongwa kwa kiasi cha niutoni 50 kwa kila milimita mraba. Kwa hiyo zinatakiwa niutoni 12,000. Jiliwa linaweza, lakini si kwa ziada kubwa. Chuma hicho kikiwa baridi kingetaka niutoni 200 au zaidi kwa milimita mraba, yaani 48,000 kwa jumla, na hapo kitakachoshindwa ni jiliwa. Ndiyo sababu mhunzi hukimbia kutoka motoni hadi kwenye jiliwa. Milimita 10 hazifiki mizunguko miwili ya mpini, na mizunguko hiyo yapasa ipatikane kabla rangi haijawa nyekundu iliyofifia.

Ikiwa panahitajika zaidi ya milimita 10, sehemu nyingine ya pete hutiwa moto, mbali na ile ya kwanza, wala kamwe si kwenye kiungo cha zamani.

Mipungufu miwili isichanganywe

Shule nyingi za sekondari zinazo tufe la shaba na pete yake, kifaa kilichobuniwa na Mholanzi 's Gravesande katika karne ya 18. Wanafunzi wengi wakiulizwa kama tundu la pete hupanuka au huzibana pete inapopashwa moto, hujibu kwamba huzibana, kwa kuwa chuma kinatanukia ndani. Gurudumu la mkokoteni ni jibu la wazi. Pete yenye mzingo wa metre 3.77, ambayo kipenyo chake ni metre 1.2, ikipashwa moto pande zote hadi digrii 600, mzingo wake huongezeka kati ya milimita 25 na 30, na kipenyo huongezeka milimita 8 au 9. Tundu limekuwa kubwa. Ikipoa hurudi palepale ilipokuwa.

Kupanuka huku na kurudi huku hakufupishi kitu. Mtu anaweza kuipasha pete moto na kuipoza mara mia, nayo haitakuwa fupi kwa kiasi cha kufaa. Hufupika pale tu ambapo sehemu yenye moto inasongwa ingali laini. Kwa hiyo pete hupita motoni mara mbili kwa sababu mbili tofauti: mara ya kwanza kipande chake kidogo, ili ibadilike kwa kudumu, mara ya pili yote nzima, ili ibadilike kwa muda na kuivaa mbao.

Kati ya mioto hiyo miwili kipo kipimo, na hapa ndipo penye hatari. Pete ikiwa ndefu kupita kiasi italegea mwezi huo huo. Ikiwa fupi kupita kiasi italivunja gurudumu.

Mhunzi hupima kwa kigurudumu cha chuma chenye mpini, kipana kama sahani ndogo. Hutia alama ya chaki ukingoni mwake, akakibingirisha juu ya matao kuzunguka gurudumu zima, akihesabu mizunguko na kutia alama mahali kilipoishia. Kisha hukibingirisha ndani ya pete, akaona alama mbili zinaachana kwa kiasi gani. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mhunzi hana haja ya kujua mzingo wa kigurudumu chake. Kinaweza kuwa na sentimita 60 au 61, au kisiwe duara kamili. Kosa lake huingia katika vipimo vyote viwili kwa kiasi kile kile na hujifuta katika tofauti. Fundi asiyejua kusoma aliweza kupima tofauti ya milimita chache katika mzingo wa karibu metre nne. Maabara nyingi hupima kwa njia hii ya kulinganisha, na wanafunzi wanaweza kuijaribu kwa gurudumu la baiskeli na kifuniko cha bati.

Kwa gurudumu la ukubwa uliotajwa, pete hufanywa fupi kuliko mzingo wa mbao kwa milimita 6 hadi 12 hivi, kutegemea uzito wa gurudumu na hali ya mbao. Mwanafunzi mwenye kudadisi atauliza: kama mbao haikubali kupungua, pete itavutika kiasi gani? Milimita 10 katika 3,770 ni sehemu 0.00265. Ikizidishwa kwa ugumu wa chuma, ambao ni niutoni 200,000 kwa milimita mraba, hupatikana niutoni 530, na chuma laini huanza kunyooka jumla kwenye 200 au zaidi kidogo. Yaani pete ingevutika na kurefuka tena, na kazi yote ya jiliwa ingepotea. Haiwi hivyo kwa sababu seremala huacha nafasi ndogo kati ya tao na tao. Pete inapopoa, nafasi hizo hufunga kwanza, na spoki huzama katika kitovu. Nafasi zikiwa chache, matao hugusana mapema na kuubeba mkazo wao kwa wao, na spoki hubaki zikicheza ndani ya gurudumu linaloonekana limekaza. Gurudumu la namna hii ni baya kuliko lililolegea, kwa kuwa linadanganya.

Nguvu inayofikia spoki nayo inaweza kukadiriwa. Mvuto wa pete ukiwa niutoni 12,000, gurudumu likiwa na spoki 12, na matao yakiwa hayajagusana, kila spoki husukumwa kitovuni kwa nguvu ya mara 6.28 ya mvuto huo kugawa kwa 12, yaani niutoni 6,280. Huo ni kama uzito wa kilo 640 juu ya kila spoki hata kabla ya kutia gunia moja. Zaidi ya hapo, spoki huegemea nje kidogo, na gurudumu huwa na umbo la sahani. Kubana kwa kiasi huliongeza umbo hilo na kulitia nguvu. Kubana kupita kiasi huligeuza sahani kuwa bakuli, na spoki hukatika shingoni. George Sturt, aliyekuwa mwalimu kabla ya kurithi karakana ya magari ya baba yake mjini Farnham, kusini mwa Uingereza, mwaka 1884, aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha 1923 kuhusu karakana hiyo. Ni miongoni mwa vitabu vichache ambamo mtu aliyesoma alikubali kufundishwa na mafundi wake.

Kuivika pete ni kazi ya dakika chache. Gurudumu hulazwa juu ya bamba na kufungwa kitovuni. Watu watatu huileta pete kwa koleo ndefu, wakaishusha, wakaigonga pembeni ikae sawa. Mbao hutoa moshi, hata miali. Maji humwagwa mara moja, kwa kuwa pete ikiachwa ipoe yenyewe itaunguza mbao iliyokuja kuibana, na nafasi ya mkaa ndiyo nafasi ya kulegea. Katika mvuke huo husikika spoki zikilia moja baada ya moja zinapozama kitovuni.

Mwishoni mwa karne ya 19 zilitokea mashine za haidroli zilizoibana pete ikiwa baridi na imo juu ya gurudumu. Zilifaa viwandani. Kijijini jiliwa na vibano vyake viliendelea mpaka tairi za mpira zilipoenea. Mikokoteni mingi ya punda na ng'ombe Tanzania hutembea juu ya magurudumu ya magari chakavu, na malalamiko ya wenye mikokoteni hiyo ni pancha, jambo ambalo pete ya chuma haikulijua.

Reli haikuiacha. Magurudumu ya injini za mvuke za Shirika la Reli la Afrika Mashariki yalivikwa pete za chuma cha pua kwa kanuni ile ile, pete ikichongwa ndogo kuliko kiini chake kwa sehemu moja katika elfu hivi, kisha ikipashwa moto na kuvikwa. Hapo kiini ni chuma, hakina matao wala nafasi za kufunga, hivyo kipimo hakiruhusu kisio. Adui wa pete hiyo ni breki: treni ikishuka mteremko mrefu breki zikiwa zimeshikwa, pete hupata moto kabla ya kiini, hutanuka, na inaweza kuzunguka peke yake. Mafundi wa reli kwa hiyo huchora mstari wa rangi kutoka kwenye pete hadi kwenye kiini. Mstari ukionekana umekatika na nusu zake zimeachana, gurudumu hilo halitoki karakanani.